Hodi ya Saa Sita

"Ngojeni saa sita tu," mama alisema. "Mtamsikia wenyewe."

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Daktari na afisa ustawi wa jamii walisimama sebuleni wamejifunika gubigubi kwa mavazi ya kinga, macho tu ndiyo yanaonekana. Sheria ilitaka sahihi mbili ili mtu apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili bila hiari yake. Daktari alishatia yake. Kalamu sasa ilikuwa kwa afisa ustawi.

Mwana wa mama alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kulia. Baba alilazwa kwa ugonjwa huu wa kuambukiza, wiki ya pili akafa. Walimzika wakiwa wamesimama mbali, jeneza limefungwa, hakuna aliyeruhusiwa kufunua. Tangu hapo mama anasema mumewe humpigia simu kila siku saa sita, yeye mwana akiwa kazini. Hasemi neno. Anagonga mara tatu, kama alivyobisha hodi akirudi nyumbani. Jana mama alipanda ukuta wa hospitali kumfuata, akaanguka.

"Na baba hakuwa mtu wa kunyamaza, dada," mwana alimwambia afisa ustawi. " Hata usingizini alikuwa akibishana."

Daktari alisema hao ni watu wanaokosea namba. Mfiwa husikia anachotaka.

Mama akamgeukia afisa ustawi, akatabasamu. "Mwanangu, kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu hana mdomo, lakini hodi anapiga."

Afisa ustawi aliwaza, akashindwa, akampa mji.

"Mji wako nitaupeleka wapi? Nipe nusu saa."

Nyumba tatu nyingine zilikuwa zikilingoja gari lile lile la wagonjwa lililosimama nje. Afisa ustawi aliutazama mguu wa mama, ulivyovimba kwa ule ukuta. Akatia sahihi.

Mama hakupiga kelele. Aliomba tu simu yake iachwe mezani, isizimwe, akapanda garini kama anayekwenda kwa jirani. Mwanawe alibaki barabarani akipunga mkono, hata gari lilipokwisha kupotea.

Afisa ustawi alikuwa akikusanya fomu zake simu ya mama ilipoita mezani, saa sita kamili. Akapokea. Akasikia pumzi nzito, halafu ngo, ngo, ngo.

Kisha sauti ya msichana. "Samahani, mama, mimi ni nesi mpya hapa wodini. Huyu mzee ana mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema. Kila nikimwita kwa jina la kwenye kadi ya kitanda chake, anakataa kwa kichwa, kisha anaipiga namba hii. Nadhani anakutaka wewe."