Jino la Nyangumi

Mchungaji alikuwa bado anamsifu marehemu Ilaitia, wakili aliyeacha mahakama akatujengea zahanati kwa jina la Bwana, mama yangu aliposimama.

Kanisa zima likageuka kumtazama. Ilaitia ndiye aliyemtetea yule dereva mlevi wa lori la miwa aliyemgonga kaka yangu akamuua, akashinda kesi, mlevi akarudi kwake. Tangu hapo, miaka kumi na sita, kila mwaka Ilaitia alipiga magoti mlangoni kwetu na jino la nyangumi, akiomba radhi. Kwa mila za visiwa vyetu, ukiligusa tu, umeshasamehe.

Mama hakuligusa hata mara moja.

Sasa jino lilikuwa juu ya jeneza lake, la manjano, kamba yake imechakazwa na vidole vya marehemu.

“Mama, kaa basi,” nikamnong'oneza. “Watu wanatutazama.”

“Watazame, macho ni yao.”

Nikamfuata hadi kwenye jeneza. Akainama.

“Nilijua hatalala usingizi hata usiku mmoja mpaka niliguse,” akasema, kwa sauti niliyoisikia mimi tu. “Ndiyo maana nikasubiri.”

Akalichukua kwa mikono miwili.

Nyuma yetu kanisa zima likalipuka: “Bwana asifiwe!”