Mama Mkwe Kajinyima Nini?

"Ondoa hiyo sufuria mbele ya macho yangu!"

Mama mkwe alisema hivyo akageuzia uso ukutani. Mkamwana wake, aliyeolewa mwezi wa kwanza na bado mgeni hata kwa vijiko vya nyumba ile, aliibeba sufuria ya dengu kwa mikono miwili akairudisha jikoni. Dengu zilikuwa zimebaki nusu. Alikaa kwenye kigoda akajifuta macho kwa ncha ya aproni, wala si kitunguu kilichomliza.

Ilikuwa Kwaresima yake ya kwanza pale. Kuacha nyama hakukumshinda, hata kwao walifunga. Ila nyumba hii ilikuwa na desturi yake: kila mtu alijinyima kitu kimoja zaidi, kwa siri, asikitaje mpaka mezani siku ya Pasaka, baada ya sala. Mume wake alipokuwa mtoto alijinyima kuoga. Siri yake ilijulikana wiki hiyo hiyo.

Jioni ya kuamkia mfungo, mama mkwe alimwita. "Mimi nimechoka na moshi," alimwambia. "Shika jiko wewe mpaka Pasaka. Halafu nitaona kama nikuachie moja kwa moja."

Hilo "nitaona" ndilo lililomkosesha mkamwana usingizi. Maana tangu Jumatano ya Majivu, yule mama aliyezoea kugombana na kuku, na jirani, na mlango usiofungika vizuri, akikaa mezani alikuwa kama bubu. Anapokea sahani yake, anakula mpaka chembe ya mwisho, anaweka kijiko, anaikodolea macho sufuria kama imemkanyaga kidole. Halafu anameza mate na kutoka nje. Siku ya kabichi na karoti alikwenda kusimama kwenye tuta la vitunguu vilivyoanza kuchipua, na baridi haijaisha vizuri, bila sweta.

"Amejinyima kukosoa," wifi alisema. Alikuwa mshonaji, na aliongea vizuri zaidi akiwa na pini midomoni. "Namjua mama yangu. Mwaka juzi alijinyima kumsema jirani. Pasaka ilipofika alimsema mpaka chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena."

"Kwa hiyo makosa yangu yote anayaweka?"

"Moja moja, wifi yangu. Dengu zako, kabichi yako, ule uji ulioshika chini. Sikutishi, lakini siku ya Pasaka ukae karibu na mlango."

"Una roho mbaya wewe!"

"Ningekuwa na roho mbaya nisingekuonyesha mlango."

Basi mkamwana akajifunga kibwebwe. Akajifunza kukaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kiwe rangi ya asali. Akajizuia kufunuafunua chungu cha maharage, yakaiva laini, yakatoa mchuzi mzito unaong'ang'ania kijiko. Viazi alivikata vyote saizi moja, kama anavipeleka shule. Kila alivyozidi kujitahidi, mama mkwe alizidi kukunja uso.

Ijumaa moja alipika samaki kwa nyanya na kitunguu saumu. Mama mkwe alimaliza, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na bilauri zikaanza kugongana.

"Mama, samaki ana tatizo?" mkamwana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usiniongeleshe. Nikifungua mdomo huu sasa hivi naharibu mfungo wangu wote."

Wifi alimkanyaga mguu chini ya meza: umesikia?

Alipobaki na mume wake, mkamwana alisema yake. "Nikiaibishwa mezani siku ya Pasaka, narudi kwetu. Hata sahani siziachi zimeoshwa."

Mume wake alikuwa fundi bomba, mtu wa kufikiri taratibu. Alijikuna kichwa. "Osha tu, mke wangu," alisema. "Asije akapata la kuongeza."

Pasaka ikafika na nyama ikarudi nyumbani. Mkamwana aliianza kabla jua halijachomoza. Aliikaanga kwanza kwa mafuta yake yenyewe, akaitia karoti na pilipili manga, akaiacha ichemke polepole mpaka ikaachia mfupa bila kulazimishwa. Jirani alikuja kuazima chumvi, na kila mtu alijua chumvi anayo. Sufuria ilipofika mezani, mkamwana alikaa karibu na mlango, mkoba wa nguo chini ya kiti.

Wakasali. Mama mkwe aliitikia "Amina" kabla sala haijaisha. Akapakuliwa, akala, akamaliza, wengine hata hawajapuliza kijiko cha kwanza.

"Mimi nilijinyima soda," wifi alisema.

"Mimi karata," mume alisema.

Mama mkwe alisimama. Alimtazama mkamwana wake kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Wewe, binti."

"Abee, Mama."

"Umenitesa. Kwaresima nzima umenitesa, mimi mtu mzima, mbele ya watoto wangu. Nimefunga miaka mingi, sijawahi kuteseka namna hii!"

Wifi aliinamisha kichwa. Mkamwana, machozi yakimlengalenga, alishika mkono wa mkoba.

Mama mkwe alinyoosha mikono yote miwili, akaivuta sufuria nzima mpaka kifuani, akakaa nayo, akachukua upawa.

"Nyinyi wengine kuleni mkate," alisema. "Mimi nilijinyima sahani ya pili."