Mgeni Asiyejua Uongo

Kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru. Kimya.

Mke aliusikia msasa kabla hajafumbua macho. Ndivyo Mgeni alivyofanya kazi: anasugua mara mbili, anasimama, anaupapasa ubao kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Mumewe hakuwa na subira hiyo. Mumewe aliusugua ubao kama aliyegombana nao.

Mwili ulikuwa ule ule. Mikono ile ile ya seremala, kovu lile lile kidoleni. Lakini miezi sita iliyopita mumewe alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka, akazimia, asizinduke. Madaktari wakamwita mmoja wa wale viumbe wasio na miili, waliotoka huko juu nyotani. Akaingia ndani yake ili moyo usisimame na viungo visikauke, huku mwenyewe akisubiriwa. Mke alitia sahihi karatasi yenye masharti marefu. Alichoshika kichwani ni tarehe ya mwisho tu, siku ya kiumbe kutoka na mumewe kurudi.

Tarehe ilikuwa leo.

Hakutegemea kumpenda Mgeni. Lakini viumbe wale hawakujua kusema uongo. Kwao hakuna kitu kama hicho. "Unaimba kama bawaba isiyotiwa mafuta," Mgeni alimwambia wiki ya kwanza, naye akacheka mpaka akaketi sakafuni. Mteja wa mke akija kujaribu gauni aliloshonewa na kuuliza kama limemkaa, Mgeni alijibu, na mteja akaondoka amenuna. Mke hakujali. Alikuwa ameishi miaka tisa na mume wa "nakuja sasa hivi" anayerudi kesho kutwa, na kisa kingine mdomoni. Ukweli ule aliunywa kama maji.

Tena Mgeni alizidi kuwa mpole kadiri siku zilivyopungua. Wiki mbili zilizopita alivunja kikombe, akasimama na kipande mkononi, akasema, "Samahani." Mdomo ule ule, kwa miaka tisa, haukuwahi kulitamka neno hilo. Mke alikwenda kulilia chooni.

Jana jioni alimpakulia supu. Yeye mwenyewe hakuweza kutia kitu kinywani.

"Ikoje?"

"Tamu."

Akaketi mbele yake. "Nataka ujue jambo moja. Kesho akirudi yeye, mimi naondoka. Mkoba nimeshaufunga, uko chini ya cherehani."

Kijiko kilisimama. "Hata akirudi amebadilika?"

"Nani, yule? Wewe humjui yule."

Mgeni aliinama, akainywa supu yote mpaka tone la mwisho.

Na sasa kumekucha. Wifi yake aliingia bila kubisha, amebeba shati la kaka yake lililopigwa pasi.

"Wifi! Kaka yangu anarudi leo, mbona uso kama umefiwa?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka, au umempenda mpangaji?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mpangaji huondoka, mama. Mwenye nyumba akija, unamkabidhi funguo zake." Alifunua sufuria ya jana, akachota kijiko, akakimbilia kutema kwenye sinki. "Mungu wangu! Hii ni supu au bahari?"

Mke hakumsikia. Masikio yake yalikuwa mlangoni, na mlangoni pamebishwa hodi.

Afisa wa wageni alikuwa mama mnene mwenye haraka, ameshika kipimo kidogo kama tochi. Mke alimfuata nyuma mpaka karakana, akampita, akauziba mlango kwa mikono miwili.

"Mwongezee mwezi mmoja."

"Dada, nipishe."

"Wiki. Basi mpaka kesho. Nani ataumia akibaki mpaka kesho?"

"Hilo haliko mikononi mwangu," afisa alisema, bila ubaya. "Wala mwako."

Ndani, msasa ulinyamaza. Mgeni alikuja mwenyewe, vumbi la mbao kwenye nyusi, penseli nyuma ya sikio. Alimtazama mke kwa muda mrefu, kisha akainamisha shingo kabla hajaambiwa. Mke alitaka kumshika, lakini mikono ilimning'inia kama mikono ya koti lililotundikwa. Hakuna aliyemwibia. Hakuna wa kushtakiwa. Ilibaki kusimama na kutazama.

Kipimo kilibandikwa kisogoni. Hakikuwaka.

Afisa alikigonga kiganjani, akakibandika tena. Alisoma namba, akakunja uso.

"Mbona mnanisumbua? Mgeni alishaondoka. Leo siku ya ishirini na mbili tangu atoke. Mwenye mwili akizinduka, yeye hutoka siku hiyo hiyo, masharti si mlisoma?" Akatoa karatasi. "Haya, mwenyewe atie sahihi hapa."

Wifi alianza kigelegele, akakikatiza katikati.

Seremala alichomoa penseli nyuma ya sikio. Sahihi ilikuwa ile ile, yenye mkia mrefu, iliyokuwa kwenye cheti chao cha ndoa. Afisa akachukua karatasi yake, akaenda zake.

Macho ya mke yalikwenda chini ya cherehani, kwenye kona ya karakana, kwenye mkoba. Ya mumewe yakafuata.

"Supu ya jana ilikuwa chumvi tupu, mke wangu," alisema. "Nilikudanganya. Huo ndio uongo wangu wa mwisho, nakuahidi."