Kioo cha Daktari Mwanahija

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na kioo cha daktari, na ngozi yenye kasoro haikuguswa mpaka daktari aruhusu.

Nasemba alimsimamisha bintiye Atupele mbele ya kioo cha sebuleni, shingo imejaa vipele. Daktari Mwanahija alitokea kiooni akiwa mtulivu, kama hana mgonjwa mwingine duniani. Aliomba wasogee dirishani penye mwanga, akauliza kuhusu sabuni, chakula na nguo.

“Ni sweta jipya tu, avue. Na wewe mama, hilo baka mkononi? Pitisha pamba hapo. Unaisikia?”

“Hapana, daktari.”

“Huenda ni ukoma. Muuguzi atakuja leo kukupima. Usiogope, tumeuwahi, na dawa zake zinaponya kabisa.”

Nasemba alilia kwa shukrani. Mumewe, mama yake, wote walikuwa wameliona baka lile bila kulijali. Akamnyooshea bintiye mikono. Atupele alirudi nyuma, akakigeukia kioo.

“Daktari, nimkumbatie mama?”

“Mkumbatie, mwanangu.”

Ndipo akaja mbio. Nasemba alimkumbatia kwa nguvu, akitamani laiti mtoto asingeuliza kwanza.