Tofali la Mwisho

"Fundi, ngoja kwanza!" nilipiga kelele dirishani, simu mkononi.

Ukuta wa jirani ulikuwa umelifunika jua langu lote. Lilibaki pengo la tofali moja tu, na tofali lenyewe fundi alikuwa amelishika tayari.

"Mama, saruji inakauka."

"Na jua linazama. Kipi kitanisubiri?"

Alicheka, akalipakata tofali kama mtoto.

Tangu mume wangu apooze upande mmoja, kila jioni mimi humpigia picha ya machweo dirishani, kisha humwonyesha palepale kitandani. Yeye mwenyewe hataki kabisa kupigwa picha. Mdomo umekwenda upande, husema, nani atautazama?

Niliinua simu. Pengoni hapakuonekana jua wala wingu, ni mng'ao mtupu unaoumiza macho. Nikageuka nimwambie kwamba leo tumekosa.

Mwanga wote uliopenya pale ulikuwa umetua usoni pake, kuanzia paji hadi kwenye ule mdomo. Hakujifunika shuka.

Nilisimama na simu yangu kama mjinga.

"Mama!" fundi aliita. "Niweke?"

Mume wangu aliinua mkono wake ulio mzima, akanyoosha kola ya shati.

"Mwambie angoje," alisema.