Kichupa Namba Mbili

Vichupa vilikuwa viwili, vimejaa damu, na badala ya majina vilibandikwa namba: moja na mbili.

"Mbona hakuna majina?" aliuliza Halvor Tveit.

"Huruma isije ikakuharibia hesabu," Daktari Kessler alijibu bila kumtazama. "Una hakika utaweza? Nitafute mtu mwingine?"

"Mtu mwingine atakuchukulia siku mbili. Mimi nusu saa. Leta vipimo, daktari."

Hakuwa anajisifu. Kule juu mlimani, kwenye maabara iliyozungushiwa seng'enge katikati ya jangwa la New Mexico, hakuna aliyemshinda kwa hesabu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa wakulima wa ngano wa Dakota. Tangu jana alasiri alikuwa amelazwa hospitalini pamoja na rafiki yake, Desmond Pruitt. Yeye, walimwambia, ni kwa uangalizi tu.

Jana hiyo walikuwa wawili katika chumba cha maabara. Desmond alisimama nyuma ya tangi la maji la kukinga mionzi, lililomfika kifuani, mikono ameipitisha juu yake, akishusha kipande kimoja cha madini mazito kuelekea kingine, polepole, kama mtu anayefunika sufuria ya maziwa. Halvor alikuwa ng'ambo ya meza, ameinamia kipimo, akisoma namba kwa sauti. Vipande vikikaribiana, kipimo hulia kwa kasi. Vikigusana, balaa.

Kipande kikamteleza Desmond.

Chumba kizima kiligeuka buluu. Joto likapita usoni kama mtu kafungua tanuri, kisha likatoweka. Desmond alivitenganisha vipande kwa mikono mitupu, akarudi nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Nimekwisha."

Wote wawili walitapika garini wakipelekwa hospitali. Asubuhi Halvor aliamka mzima, kiu tu ndiyo iliyomsumbua. Mikono ya Desmond ilikuwa imevimba kama mikate, imejaa malengelenge, imelazwa kwenye beseni la barafu.

Sasa Halvor alichonga penseli, akaanza. Mionzi ile huigeuza hata chumvi iliyomo kwenye damu, nayo huanza kutoa mionzi yake. Ukiipima damu, unajua mtu kapigwa kiasi gani.

Namba moja alitoka vibaya, lakini alitoka. Angeumwa miezi, angeishi.

Namba mbili alimrudia mara tatu. Mara ya tatu penseli ilivunjika, akabaki ameishika hivyo hivyo. Hajawahi kuwako mtu aliyepata kiasi kile akapona.

"Namba mbili ana siku tisa," alimwambia daktari. "Kumi, akiwa na bahati. Ila kumi si bahati, maana ya mwisho itakuwa mbaya."

Daktari Kessler aliikunja karatasi. Alimshika Halvor bega, akakaa nalo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Watu wake waitwe," Halvor alisema. "Leo hii. Wasingoje."

"Nitapiga simu mwenyewe."

"Na yeye asiambiwe kwanza. Niachie mimi nikae naye."

Daktari aliitia karatasi mfukoni, akatoka.

Halvor aliitupa penseli iliyovunjika, akarudi wodini. Kisha alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda cha Desmond, uso kaupaka tabasamu.

"Vipi, mzee? Bado unajifanya mgonjwa ukwepe kazi?"

"Nitazame usoni wewe," Desmond alisema. "Umeiva kama nyanya. Ulikuwa unavua samaki juani?"

"Sisi wenye asili ya Norwe ndivyo tulivyo, hata mwezi unatuunguza. Sikiliza, nimefanya hesabu. Ni nzuri. Utashika tena fimbo ya besiboli."

Desmond hakucheka. Alimtazama rafiki yake kwa namna iliyomfanya Halvor ainamishe macho. Amenishtukia, aliwaza. Anajua ninamdanganya.

"Hal, kwa nini sikukuita uje upande wangu?"

"Ungeniita, kipimo angesoma nani? Acha hayo, bwana."

"Nilikuwa na nafasi hapa kando yangu. Ya watu wawili."

"Desmond, nimesema acha."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyevitenganisha. Ungechelewa kidogo tu, leo tusingekuwa na hadithi."

Desmond aligeukia ukuta, mabega yakimcheza. Halvor alimwacha alie. Mtu akilia ni haki yake. Siku nzima hakubanduka. Alimwagizia supu, akamlisha kwa kijiko, yeye mwenyewe hakuonja. Alimsomea gazeti. Alimpigia hadithi za ng'ombe wa kwao wanaoganda masharubu wakati wa baridi. Kila Desmond alipotaka kusema jambo, Halvor aliwahi na jingine, kwa hofu kwamba ataulizwa swali ambalo hakuweza kulijibu.

Kesho yake mchana walisikia gari la jeshi likisimama nje. Halvor alisimama upesi, akajifuta uso, akajifunga vizuri gauni la hospitali. Lazima awe Lorna, mke wa Desmond. Alijipanga: kwanza amshike mkono, halafu amtoe nje, amwambie taratibu.

"Jikaze sasa," alimnong'oneza Desmond. "Una mgeni."

"Hal," Desmond alisema, "keti, ndugu yangu. Tafadhali, keti."

Mlango ulifunguka. Daktari Kessler aliingia, kofia mkononi, na nyuma yake mama mmoja mnene aliyevaa koti zito la baridi kwenye joto lile la jangwa. Mama yule alipita kitanda cha Desmond bila kukitazama. Alikuja moja kwa moja, akaushika uso wa Halvor kwa viganja vyake viwili vilivyokauka kwa kazi za shamba.

"Mwanangu," alisema, "wamenileta kwa ndege."