Jina la Unayemhofia

Siku hizi bima hailipii dawa ya kujikinga na Ukimwi mpaka umtaje unayehofia atakuambukiza, naye aidhinishe kwa simu yake. Kuinunua mwenyewe ni mshahara mzima wa mwalimu kama Bupe.

Mumewe, Ambwene, alikuwa amerudi safari na shati lililopigwa pasi na mkono mwingine. Bupe alikuwa amepiga magoti akimnawisha, ujumbe wa bima ukaingia kwenye simu ya mumewe. Ambwene aliusoma mara mbili.

"Mama Tusa, kumbe unaniogopa?"

Bupe aliitazama mikono ile iliyomng'oa jino mwaka jana.

"Hapana, Baba Tusa. Nikuogope kwa lipi?"

"Basi dawa ya nini?" Akabonyeza "Kataa" kwa kidole kilicholowa, akairudisha mikono juu ya beseni. "Haya, mimina."